Alamu Namba 414

Chuma hufa polepole na kwa kelele. Beringi ikichakaa hunguruma wiki nzima kabla ya kujifunga. Mkanda ukilegea hupiga mluzi. Kitanda cha mashine kikilika, mkerezaji mzoefu huuhisi mtikisiko kwenye kipande kabla hajakipima. Bodi ya umeme haitoi taarifa ya namna hiyo. Mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta inaweza kuchonga shafti vizuri asubuhi nzima, kisha ikasimama ghafla katikati ya mkato, kisu kimegota kwenye chuma, taa nyekundu inawaka na namba moja imetokea kwenye skrini. Ukiizima ikapoa, ukaiwasha baada ya chakula cha mchana, inaendelea na kazi. Kesho yake inasimama tena, na safari hii haiamki.

Karakana zetu nyingi zinaishi kwa mashine za aina hii. Ziliundwa Japani na Ulaya katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikatumika huko mpaka wenyewe walipotaka mpya, kisha zikauzwa na kupanda meli hadi Mombasa na Dar es Salaam. Chuma chake bado ni kizima na kinaweza kutumika miaka mingi mingine. Kinachozisimamisha ni kabati la umeme lililo nyuma, ambalo wengi hulifungua kwa hofu na kulifunga kwa haraka. Nataka kulizungumzia kabati hilo, kwa sababu naamini kutafuta hitilafu ndani yake ni moja ya shule kali za ukweli tulizo nazo. Mbele yake cheo hakimwokoi mtu, wala kauli nzito, wala miaka aliyokaa kazini. Kinachosikilizwa ni kipimo.

Tuanze na ile namba. Kwenye Fanuc 0T, kidhibiti cha Kijapani kilichoenea sana duniani kuanzia katikati ya miaka ya 1980, alamu namba 414 maana yake ni hitilafu katika mfumo unaoendesha mhimili wa X, yaani mwendo wa kisu kuingia na kutoka kwenye kipande. Namba 424 ni hitilafu ya aina hiyo hiyo kwenye mhimili wa Z, mwendo wa kwenda na kurudi sambamba na kipande. Mwenye mashine akiona 414 huuliza bei ya mota ya X, na fundi mwenye haraka humtajia. Wote wawili wameruka hatua. Usiku mtaani, anayepiga yowe si lazima awe ndiye aliyevunjiwa mlango. Mara nyingi ni jirani aliyekisikia kishindo kwanza. Alamu nayo hutaja mahali hitilafu ilipohisiwa. Mahali ilipoanzia hapajulikani bado.

Mashine yenyewe iko tayari kusema zaidi, ila inataka kuulizwa kabla ya kuzimwa. Kwenye kidhibiti hicho kuna kurasa za uchunguzi, na katika mstari wa 720 zimo tarakimu nane za sifuri na moja zinazouhusu mhimili wa X. Moja ikisimama nafasi fulani, volti zinazoingia kwenye draivu, kifaa kinachoipa mota umeme, zimeshuka. Ikisimama nafasi nyingine, mkondo umezidi. Nyingine inasema volti zimepanda mno. Nyingine inasema ishara inayorudi kutoka enkoda, kile kifaa kilicho nyuma ya mota kinachohesabu mizunguko, imekatika. Hizi ni njia tofauti kabisa, kila moja inaelekea upande wake wa mashine. Anayezima swichi kuu kwa matumaini kwamba hitilafu itajiondoa anafuta ushahidi huo kwa mkono wake, na akiiwasha tena atakuwa amebaki na kumbukumbu ya tarakimu tatu tu.

Chukua njia ya enkoda. Waya wake unatoka kwenye mota, unapita ndani ya mnyororo wa plastiki unaokunjika na kunyooka kila kisu kinapotembea, hadi kabatini. Ukikunjwa na kunyooshwa miaka na miaka, nyuzi za shaba hukatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likibaki zima na kupendeza. Ukiupima umelala, mita inalia kwamba njia ipo. Kisu kikifika mwisho wa safari yake, mkunjo unavuta, nyuzi zinaachana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mashine inasimama. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi anayejua kazi halihusu bodi. Humwuliza aliyekuwa akiiendesha: ilisimama kisu kikiwa wapi? Je, ni pale pale kila mara? Hitilafu inayofuata mahali kwa kawaida ni ya waya, soketi au skrubu inayosukuma. Hitilafu inayofuata saa, ikija baada ya mashine kupata moto na kuondoka ikipoa, kwa kawaida ni ya joto: lehemu iliyopasuka, kapasita iliyokauka, feni iliyoziba. Hitilafu inayofuata jirani, ikitokea kila mara mashine ya kuchomelea ya upande wa pili inapowashwa, ni ya umeme unaoingia au ya waya wa ardhini uliolegea. Maswali haya hayana gharama, na hufunga nusu ya milango kabla bisibisi haijatoka kwenye mkoba.

Kisha huja vipimo, na vipimo vina mpangilio wake. Umeme unaoingia hupimwa kwanza, kwa sababu kila kilicho mbele yake kinautegemea. Mashine nyingi za Japani zinataka volti 200 hadi 220 za fazi tatu, ilhali kwetu mtambo hupokea volti 400 au 415; kwa hiyo kati yake na laini kuna transfoma, na kwenye transfoma kuna skrubu ambazo hulegea kwa joto na mtetemo. Fazi moja ikipotea, taa za kabati zinaweza kuendelea kuwaka na skrini ikaonekana salama, huku draivu ikilalamika kwamba imepungukiwa. Baada ya hapo hupimwa umeme mdogo: volti 24 za rilei na sensa, na volti 5 za bodi za hesabu, ambazo kwa saketi za zama zile hazitakiwi kushuka chini ya 4.75 wala kupanda juu ya 5.25. Hata ukiona 5 kamili kwenye mita, usiridhike. Kapasita za ugavi wa umeme zina umajimaji ndani, na kwa kanuni wanayoifuata wahandisi umri wake hupungua karibu nusu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Sentigredi. Zikikauka, zile volti 5 huwa na mawimbi ambayo mita ya kawaida inayalainisha isikuonyeshe. Igeuze mita isome umeme wa mawimbi, au tumia osiloskopu, ndipo utauona ukweli uliojificha ndani ya wastani.

Katika haya yote uhai wa mtu hutangulia. Ndani ya draivu za volti 200 umeme ukinyooshwa hufika karibu volti 280, na kapasita kubwa huutunza hata baada ya swichi kuu kuzimwa. Subiri taa ya chaji izime, kisha pima ujihakikishie, ndipo uguse. Vilevile kile kipimo cha volti 500 cha kukagua kinga ya nyaya za mota kinaweza kuua bodi nzima kwa mguso mmoja. Mota hutenganishwa na draivu kwanza. Mafundi wamepoteza bodi nzuri kwa kutaka kuthibitisha ubovu wa mota.

Njia ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kubadilishana. Mhimili wa X una draivu, nyaya na mota. Mhimili wa Z vivyo hivyo. Kama uwezo wa draivu mbili hizo ni sawa, na baada ya kuhakikisha kisu hakitaporomoka kwa uzito wake, fundi huihamisha mota ya X pamoja na enkoda yake kwenye upande wa Z, na ya Z kwenye upande wa X, kisha huwasha bila kuamuru mwendo wowote. Alamu ikibaki 414, mota na nyaya zake zimeachiwa huru. Ubaya uko ndani ya kabati. Alamu ikigeuka 424, kabati ni safi. Ubaya umehama pamoja na mota na waya wake. Hakuna kipuri kilichonunuliwa na hakuna aliyebahatisha. Ni swali moja lililoulizwa vizuri, na jibu lake mtu yeyote anaweza kulishuhudia.

Linganisha na desturi iliyozoeleka. Bodi inaagizwa, inafungwa, alamu haiondoki. Inaagizwa nyingine, nayo ni ya mtumba isiyopimwa, yenye ugonjwa wake. Sasa mashine ina hitilafu mbili, na dalili zimechanganyika kiasi kwamba hata fundi bingwa akija atakuta uwanja umekanyagwa. Mwenye karakana amelipa fedha nyingi, mteja wake amekwenda kwingine, na chanzo kinaweza kuwa soketi yenye kutu ya hewa ya chumvi ya pwani, ambayo ingesafishwa kwa spiriti na brashi laini. Kubahatisha kuna sura ya bidii, kwa kuwa kila saa kuna kitu kinachofunguliwa na kufungwa. Lakini kazi ambayo haikuachi na ujuzi zaidi ya uliokuwa nao asubuhi haijakusogeza mbele hata hatua moja.

Inafaa kukumbuka mashine hizi zilizaliwa kwa ajili gani. Huko Traverse City, jimbo la Michigan nchini Marekani, John T. Parsons alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, vitu vyenye mkunjo ambao jicho na mkono haviwezi kuurudia kwa usahihi. Yeye na mhandisi Frank Stulen walizitumia mashine za kadi zilizotobolewa kukokotoa nukta nyingi za mkunjo huo, ili kisu kipelekwe nukta hadi nukta kwa namba. Wazo hilo liliendelezwa katika maabara ya chuo cha MIT kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani, na mwaka 1952 ikaonyeshwa hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyosoma namba kutoka kwenye utepe uliotobolewa. Kidhibiti chake kilikuwa na mamia ya vali za kioo na kilichukua nafasi kubwa kuliko mashine yenyewe. Japani nako, kundi la wahandisi wa Fujitsu chini ya Seiuemon Inaba lilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1956, na mwaka 1972 likawa kampuni inayojitegemea, Fanuc. Lengo la wote lilikuwa kuondoa kukisia katika kazi ya chuma. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba kukisia, baada ya kufukuzwa kwenye ukataji, kumerudi na kukaa kwenye matengenezo.

Sasa niseme habari ya kumbukumbu, maana hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Kidhibiti cha zama hizo huhifadhi tabia za mashine katika chipu zinazosahau kila kitu zikikosa umeme. Kinachozilinda wakati mashine imezimwa ni betri. Kwenye Fanuc 0 ni betri tatu kubwa za tochi, volti 4.5 kwa jumla, zinazouzwa katika duka la kawaida. Zinalinda orodha ndefu ya namba ziitwazo parameta: skrubu ya X inasogea kiasi gani kwa mzunguko mmoja, kisu kikomee wapi kisigonge, mwanya wa skrubu iliyolika ufidiwe kwa kiasi gani, ni huduma zipi mashine hiyo iliuzwa nazo. Sehemu ya namba hizo ni za mashine hiyo moja tu. Nyingine kama hiyo, iliyotoka kiwandani wiki hiyo hiyo, inaweza kuwa na zake tofauti.

Betri zikiisha, mashine huamka siku moja ikiwa haijijui. Mota ni nzima, bodi ni nzima, nyaya ni nzima, lakini imesahau inaitwaje na ina mikono mingapi. Hapo fundi hufungua mlango wa kabati kutafuta karatasi ya parameta ambayo watengenezaji waliiweka humo siku ya kwanza. Ikiwapo, ni kazi ya kuketi na kuingiza namba kwa uangalifu. Isipokuwapo, kwa kuwa ililowa mafuta, au ilitumika kufutia mikono, au ilibaki kwenye karakana ya mwenye mashine wa kwanza ng'ambo, chuma cha tani kadhaa kinaweza kugeuka meza ya kuwekea vikombe. Na ubadilishaji wa betri wenyewe una sharti moja ambalo wengi hulivunja kwa nia njema kabisa: mashine iwe imewashwa. Anayeizima kwanza kwa ajili ya usalama, kisha akatoa betri za zamani, anaweza kuifuta kumbukumbu yote.

Nchi zetu nazo zimeonja, kwa upana wake, kwamba chuma peke yake hakitoshi. Nchini Kenya, ndoto ya kujiundia gari, lile la Nyayo, iliyoanza mwaka 1986 iliacha nyuma yake kiwanda kilichokuja kuitwa Numerical Machining Complex, Nairobi, chenye jina lililobeba namba ndani yake. Tanzania nayo, wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ilijenga katika miaka ya 1980 kiwanda cha kutengeneza mashine za karakana kwa ushirikiano na Bulgaria. Zilikuwa jitihada za watu waliotaka tujitengenezee vyombo vya kazi, na nia hiyo ninaiheshimu mpaka leo. Fundisho ninalolichukua ni kwamba mashine ikinunuliwa, nusu yake ni chuma na nusu ni maarifa ya kuitunza. Nusu ya kwanza hufika kwa meli ndani ya kasha. Ya pili huundwa hapa hapa, na watu waliopo, kwa kuandika kila wanachokiona.

Kuna kizuizi kimoja cha kuandika huko, nacho hakimo kwenye bodi. Ni woga. Mwendeshaji aliyekigonga kichwa cha visu kwenye chaki inayoshika kipande anajua hasa hitilafu ilianza lini. Anajua pia kwamba mwenzake aliyesema ukweli alikatwa mshahara. Basi atasema aliikuta hivyo. Fundi atapoteza muda mrefu akitafuta kwenye umeme jambo lililoanza kwa kishindo cha chuma, enkoda iliyopasuka ndani au shafti iliyopinda. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika karakana anayeumbuka ni mashine, na anayelipa ni mwenyewe. Mwenye karakana anayetaka mashine zake ziishi na aanze kwa kuufanya ukweli usiwe na faini. Makosa ya uzembe wa kurudiarudia yana dawa yake; ripoti ya kweli ya mara ya kwanza istahili shukrani.

Fundi naye ana deni lake la ukweli. Mara nyingi bodi huchomolewa, pini zake husafishwa, hurudishwa, na mashine hupona. Kilichoiponya ni nini? Huenda ni kutu iliyotoka, huenda ni bodi iliyokaa vizuri, huenda ni muda tu iliopewa kupoa. Fundi mwaminifu huandika: «Nilichomoa, nilisafisha, nilirudisha, imefanya kazi, chanzo hakijathibitika.» Maneno hayo hayampunguzii hadhi. Yanampa atakayekuja baada yake mahali pa kuanzia, na yanamzuia yeye mwenyewe kesho kudai anajua asichokijua. Joto nalo liandikwe. Karakana nyingi huacha mlango wa kabati wazi na kuelekeza feni ndani, na kwa siku chache alamu za joto hutoweka kweli. Lakini feni hiyo hupuliza ndani vumbi la chuma cha kusubu na ukungu wa mafuta, navyo hutulia juu ya bodi na kujenga njia za umeme pasipotakiwa. Dawa ya kudumu ni kusafisha vichujio, kubadilisha feni za ndani, na kufunga mlango.

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii wazee waliitoa kwa ajili ya biashara, nayo inatawala hata humu ndani ya kabati la umeme.

Kwa hiyo ninakuomba, ndugu fundi, na wewe mwalimu wa chuo cha ufundi, na wewe mwenye karakana unayesoma haya. Usingoje alamu. Wiki hii, mashine ikiwa imewashwa, badilisha betri na uandike tarehe kwenye kifuniko chake. Nakili parameta zote, kwa kompyuta kupitia soketi ya pini 25 kama unaweza, na kwa mkono kama huwezi, ukurasa baada ya ukurasa. Weka nakala moja ndani ya kabati kwenye mfuko wa plastiki, na nyingine nyumbani au ofisini. Anzisha daftari la mashine lenye safu nne tu: siku, dalili, kilichopimwa, kilichofanywa. Mwanafunzi akifika kujifunza, mpe daftari hilo alisome kabla hujampa bisibisi. Na kila anayeigusa mashine aandike, hata kama jambo alilolifanya ni dogo na hata kama halikufaulu. Liandikeni kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka, na msilitoe karakanani.